Mpaka wa Rwanda haukuchorwa Berlin

Mwalimu mmoja wa historia anayefundisha sekondari wilayani Ngara, mkoani Kagera, ameniandikia hivi: "Kwenye mada ya kugawanywa kwa Afrika nimezoea kufundisha kwamba Rwanda ilikatwa Berlin mwaka 1884, ndiyo maana ikabaki nchi ndogo. Juzi kijana mmoja akanyoosha mkono: mbona upande wetu mpaka ni mto, na kule kwa masokwe mpaka unapita juu ya vilele vya milima? Nani aliamua hivyo? Halafu akaongeza kwamba bibi yake humwambia Bugufi yetu zamani ilikuwa ya mfalme wa Burundi. Ilikuwaje tukaachwa Tanganyika? Nilikosa jibu. Naomba unisaidie."

Mwalimu, nakushukuru kwa kunifikishia swali la kijana huyo kama alivyoliuliza. Ana maswali matatu pale, na nitayajibu yote, ila nianze na hilo la Berlin, kwa sababu limeshika mizizi vichwani mwa watu wengi. Hata mimi nililimeza nikiwa shuleni na ilinichukua miaka kulitema.

Mkutano wa Berlin ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 na kufungwa 26 Februari 1885. Wajumbe walijadili biashara huria katika bonde la Kongo, usafiri wa vyombo katika mito ya Kongo na Niger, na masharti ambayo dola la Ulaya lingepaswa kuyatimiza likitaka kudai kipande kipya cha pwani ya Afrika. Rwanda haikugawiwa mtu pale. Isingewezekana, maana hakukuwa na Mzungu hata mmoja aliyekuwa amefika ndani ya nchi hiyo. Oscar Baumann aliingia kwa muda mfupi mwaka 1892. Gustav Adolf von Götzen ndiye wa kwanza kuivuka nchi yote, na hiyo ilikuwa 1894, miaka kumi baada ya mkutano kufunguliwa.

Mstari wa kwanza uliogusa Rwanda ulichorwa miezi mitano baada ya Berlin. Tarehe 1 Agosti 1885 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliyatangazia mataifa mipaka ya dola lake la Kongo. Upande wa mashariki alianzia ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, akaenda kwa mstari ulionyooka hadi pale longitudo ya nyuzi 30 mashariki inapokutana na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini, kisha akaifuata hiyo longitudo kuelekea kaskazini.

Sasa Mwalimu, chukua atlasi ya darasani na rula, uwape wanafunzi wauchore mstari huo wenyewe. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi na bado unanishangaza. Unaanzia jirani na Bujumbura, unapanda kaskazini ukiegemea kidogo mashariki, unapita karibu kabisa na Muhanga, mji ambao wengi wanaujua kwa jina la zamani la Gitarama, kisha unakwenda kutokea mpakani na Uganda. Kwa maneno mengine unaipasua Rwanda ya leo katikati. Karongi, Rusizi, Rubavu, Musanze, vyote viko magharibi ya mstari, yaani Kongo. Ziwa Kivu lote limo Kongo. Aliyechora hakujua kwamba kuna ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 2,000 hapo, wala hakujua kwamba anapita katikati ya ufalme wenye mfalme, majeshi na hesabu za ng'ombe. Alikuwa akichora juu ya karatasi tupu.

Kwa hiyo, kama mstari wa kwanza ungeheshimiwa, nusu ya Rwanda ingekuwa Kongo leo. Shika hapo, kwa sababu tutaurudia mstari huu tukifika kwenye suala la nani alipoteza na nani alipata.

Mstari wa pili ulitoka kwenye mkataba ambao watu wa pwani wanaujua kwa sababu nyingine kabisa. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuhusu Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Katika mkataba huohuo, magharibi ya Ziwa Viktoria, zilikata mpaka kwa latitudo ya digrii 1 kusini: kaskazini Mwingereza, kusini Mjerumani. Lakini kikawekwa kifungu kimoja cha ajabu, kwamba Mlima Mfumbiro utahesabiwa kuwa upande wa Waingereza, na ukigundulika kwamba uko kusini ya mstari, basi mstari utapindishwa ili mlima huo ubaki kwao.

Jina hilo liliingia kwenye ramani kupitia John Hanning Speke, aliyekuwa Karagwe mwaka 1861 akiwa mgeni wa Mfalme Rumanika. Kutoka vilima vya Karagwe aliona kwa mbali, upande wa magharibi, vilele vyenye umbo la pia vikichungulia mbinguni, akaandika habari zake. Vilele alivyoviona ni volkeno za Birunga, nane zikiwa kubwa, zilizojipanga kutoka Muhabura hadi Nyamulagira. Ufumbiro, au Bufumbira kama wenyeji wanavyotamka, ni nchi iliyo chini ya milima hiyo, Kisoro ya leo. Mlima mmoja wenye jina hilo haupo. London na Berlin waligawana mlima ambao haukuwepo. Na kwa kuwa volkeno zote ziko kusini ya digrii 1, kile kifungu kidogo kiliwapa Waingereza haki ya kuuvuta mstari ushuke. Hiyo ndiyo sababu ukiangalia ramani, mpaka wa Rwanda na Uganda haufuati mstari wowote wa latitudo, bali unateremka kwa mshazari kuelekea kusini magharibi hadi kwenye volkeno.

Von Götzen alipovuka mto kwenye maporomoko ya Rusumo mwezi Mei 1894, hapo jirani na kwenu, Rwanda ilikuwa bado haijui kwamba imeshaguswa na tangazo la Leopold na mkataba wa 1890. Mwishoni mwa mwezi huo alikutana na Mfalme Kigeli wa Nne Rwabugiri, mtu aliyetumia karibu miaka 30 ya utawala wake vitani, akapita hadi Ziwa Kivu na kutokea Kongo. Aliporudi Ulaya na ramani yake, Wajerumani walifungua macho. Waliona kuna ziwa na kuna Mto Rusizi unaotoka humo kwenda Tanganyika, wakaanza kudai kwamba mpaka wa asili ni ziwa na mto, na ule mstari wa Leopold hauna maana.

Watu wa Kongo hawakukubali. Mwaka 1896 askari wa Leopold walipiga kambi Shangi, kusini mwa Ziwa Kivu, ndani ya Rwanda. Jeshi la mfalme likawaendea, likakutana na bunduki na kushindwa vibaya. Rwabugiri alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na ikulu yenyewe ilikuwa katika mgogoro wa urithi uliomwaga damu nyingi. Nahodha Ramsay wa Ujerumani alipofika Machi 1897 akitoa bendera na barua ya ulinzi, wakuu wa ikulu walipokea. Walimtolea hata mtu mwingine, Mpamarugamba, akae mahali pa mfalme kijana Yuhi Musinga, ili mgeni asimwone mfalme mwenyewe. Wakati huohuo uasi wa askari wa kabila la Watetela waliokuwa katika jeshi la Leopold ulikuwa umezivunja nguvu za Kongo upande ule, Wajerumani wakasogea hadi Rusizi na Kivu. Mwaka 1899 pande zote mbili zikakubaliana kwamba kila mmoja abaki na vituo vyake hadi wakubwa Ulaya waamue.

Wakubwa waliamua Brussels, Mei 1910, Ubelgiji ikiwa imeshachukua Kongo mikononi mwa Leopold. Kila mmoja aliachia kitu. Wabelgiji waliuachia mstari wa 1885, wakakubali mpaka upite ziwani na kwenye Rusizi, wakapata kisiwa cha Ijwi na nchi iliyo kaskazini ya ziwa. Waingereza walipata Bufumbira. Wajerumani walibaki na ukingo wote wa mashariki wa Kivu. Na hapa ndipo jibu la swali la pili la kijana wako: kati ya ziwa na Uganda walihitaji mstari ambao wapimaji wangeweza kuutambua ardhini, wakachagua vilele. Karisimbi, mita 4,507, kisha Bisoke, kisha Sabinyo, jina linalowakumbusha wenyeji meno ya mzee kwa jinsi kilele chake kilivyochongoka. Kilele cha Sabinyo hadi leo ndipo zinapokutana nchi tatu, Rwanda, Uganda na Kongo. Masokwe hawajawahi kuuheshimu mpaka huo, lakini Mfalme Musinga alilazimika kuuheshimu, ingawa hakualikwa Brussels.

Kwenye upande wa kaskazini wa ziwa matokeo yake yanaonekana kwa macho. Goma na Gisenyi, ambayo sasa ni Rubavu, ni kama mji mmoja uliokatwa kwa kizuizi cha barabarani. Wanawake wanavuka asubuhi na mboga, nyanya na maziwa kichwani, wanarudi jioni. Wanaongea Kinyarwanda upande huu, Kiswahili upande ule, na mara nyingi vyote viwili katika sentensi moja.

Sasa nije kwenye neno lako "ilikatwa". Mwalimu, naomba ulitumie kwa uangalifu darasani, kwa sababu leo linatumiwa na wanasiasa wa pande zote kuchochea mambo yanayoua watu. Ni kweli kwamba kuna nchi zilizokuwa chini ya ikulu ya Rwanda ambazo mwaka 1910 ziliangukia Uganda na Kongo. Lakini ufalme ule haukuwa na uzio. Ulikuwa na kitovu ambako amri ya mfalme ilitekelezwa siku hiyohiyo, halafu kadiri ulivyokwenda mbali, amri ilikuwa inapungua, hadi unafika mahali ambapo watu wanatoa kodi jeshi likiwepo na wanaacha likiondoka. Rwabugiri aliiteka Ijwi kwa vita. Alipofariki, kisiwa kilijiondoa. Na ndani ya mipaka ya leo kulikuwa na falme ndogo, Bukunzi na Busozo kule kusini magharibi, ambazo zilikuwa na wafalme wake wenyewe na hazikutiishwa kabisa mpaka miaka ya 1920, tena kwa nguvu ya askari wa Wabelgiji.

Kwa hiyo mipaka ya wakoloni ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Nje ilikata, ndani ilijaza. Ikulu ilipoteza Bufumbira na ikapata uhakika wa Kinyaga, nchi ya kusini magharibi, na milima ya kaskazini magharibi ambako awali amri yake ilikuwa dhaifu. Na ukilinganisha na ule mstari wa rula wa 1885, mpaka wa 1910 uliipa Rwanda nusu yake ya magharibi kwenye karatasi. Udogo wake hautokani na Wazungu peke yao. Kilomita za mraba 26,338 zinaingia karibu mara tatu ndani ya Mkoa wa Tabora, lakini milima ile ilikuwa na watu wengi waliobanana tangu zamani, na falme jirani za Maziwa Makuu, Burundi, Nkore, Karagwe, nazo hazikuwa kubwa.

Mpaka wenu wa mashariki una historia yake, na kwangu mimi ndiyo tamu kuliko zote, kwa sababu ni mpaka uliochorwa kisha ukafutwa.

Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia Rwanda kutoka Kongo, wakawasukuma Wajerumani, na Septemba walikuwa wameshika Tabora. Vita vilipokwisha walikuwa na eneo kubwa sana mkononi. Nia yao kubwa haikuwa kubaki nalo. Walitaka kulitumia kama kitu cha kubadilishana: Mwingereza achukue nchi hiyo, ampe Mreno kitu, na Mreno awaachie Wabelgiji ukingo wa kusini wa mdomo wa Mto Kongo. Mpango huo ulikufa. Tarehe 30 Mei 1919 Pierre Orts wa Ubelgiji na Lord Milner wa Uingereza wakakubaliana Ubelgiji ibaki na Ruanda na Urundi tu. (Walipewa pia eneo la bandari Dar es Salaam na lingine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Wazee wa Dar es Salaam watakumbuka jina Belbase.)

Lakini Milner alitaka kipande. Uingereza ilikuwa bado inaota reli ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo, yote ndani ya ardhi yake, na ramani ilionyesha kwamba bonde la Mto Kagera, pale unapogeuka kwenda kaskazini, ni mafunjo, vinamasi na maziwa madogo yaliyofuatana. Reli ingehitaji nchi kavu iliyo magharibi ya mto. Nchi hiyo ni Gisaka, ambayo leo ni maeneo ya Kirehe na Ngoma. Basi mpaka ukachorwa magharibi ya Kagera, na Gisaka ikahamishiwa Tanganyika.

Hebu fikiria maana yake kwa mfugaji. Malisho ya kiangazi yako Gisaka, ng'ombe wako huku, chifu wako yuko kule, na ghafla kuna dola mbili katikati. Musinga alilalamika kwamba amekatwa sehemu ya nchi yake, na safari hii hakuwa peke yake. Padri Léon Classe wa Mapadri Weupe, aliyefanywa askofu mwaka 1922, alilibeba jambo hilo Ulaya. Shirika lake lilikuwa na misheni Zaza, ndani ya Gisaka, tangu 1900. Na kulikuwa na chombo kipya cha kulalamikia, Shirikisho la Mataifa lililotangulia Umoja wa Mataifa, ambalo lilikuwa na tume ya kusimamia nchi zilizonyang'anywa Ujerumani. Tume ikaona kwamba kuwakata watu kwa ajili ya reli ambayo haijajengwa hakuendani na udhamini uliotajwa kwenye mikataba. Mwaka 1923 Uingereza na Ubelgiji zikakubali, na mwanzoni mwa 1924 Gisaka ilikuwa imerudi Rwanda. Mpaka ukasogezwa hadi kwenye Kagera yenyewe. Reli haikujengwa hadi leo.

Ndiyo maana upande wenu mpaka ni mto.

Na Bugufi? Bibi wa kijana huyo anasema kweli. Bugufi ilikuwa nchi ya ufalme wa Burundi, na mpaka wa 1919 uliiacha upande wa Waingereza sawasawa na Gisaka. Lakini masahihisho ya 1923 yaligusa Gisaka tu. Nimejiuliza sana kwa nini, na maoni yangu ni haya. Rwanda ilikuwa na mfalme mtu mzima aliyejua kulalamika, na askofu wa kumpelekea malalamiko. Burundi ilikuwa na Mwambutsa, mtoto aliyewekwa kwenye kiti mwaka 1915 akiwa na miaka kama mitatu, na nchi ilikuwa mikononi mwa walezi waliokuwa wakigombana. Hakukuwa na sauti moja ya kuisemea Bugufi katika miezi ile ambayo mlango ulikuwa wazi. Mwambutsa alipokua alidai, akawasilisha madai yake kwa ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea mwaka 1948, lakini wakati huo Bugufi ilikuwa na karibu miaka 30 chini ya utawala wa Tanganyika, na mpaka haukubadilishwa. Kisha ukaja uhuru, Tanganyika 1961, Rwanda na Burundi siku moja, 1 Julai 1962, na Julai 1964 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana Kairo kwamba mipaka waliyoirithi itabaki ilivyo.

Ukiwapeleka wanafunzi Rusumo, usikimbilie maporomoko. Wasimamishe kwanza kwenye Mto Ruvubu, ule mnaouita Ruvuvu, mnaouvuka mkitoka Ngara mjini. Waonyeshe kwamba unateremka kutoka Burundi na kukutana na Kagera juu kidogo ya maporomoko. Pale kwenye makutano, mpaka unaotoka kaskazini ungeweza kuufuata mto wowote kati ya hiyo miwili. Ulifuata Kagera, ukaenda magharibi hadi unapoingia kijito cha Mwibu, ndipo ukageuka kusini kuelekea Kabanga na Kobero. Nchi yote iliyomo kati ya Kagera na Ruvubu, pamoja na shule yako, ndiyo Bugufi.